Nani Anakulipa?

Siku ya 214 sikufika kileleni. Nilikuwa nimeshazipita nyumba za mwisho za Nyamirambo, pale barabara ya Mlima Kigali inapoachana na mji na miti inapoanza, mguu wa kushoto ukakataa. Sikujikwaa wala sikuteguka. Maumivu madogo yaliyokuwa yakinisumbua kwenye muundi kwa wiki tatu yaligeuka ghafla kuwa kitu kingine, nikakaa chini kando ya barabara kama msafiri aliyeachwa na basi. Nakiri kwamba jambo la kwanza nililofanya halikuwa kuushika mguu. Nilitoa simu nikatazama kama umbali niliokwisha kukimbia asubuhi hiyo ungetosha kuhesabiwa kuwa siku.

Ulitosha. Nikafurahi, nikiwa nimekaa vumbini siwezi kusimama. Ni furaha hiyo ninayotaka kuihoji hapa.

Mwalimu wetu wa maadili alipotutaka kila mmoja achague swali, wenzangu walichagua makubwa: kama ni halali kumdanganya mgonjwa mahututi, kama maskini akiiba chakula ana hatia. Mimi nikaandika: je, mtu anayefanya mazoezi kila mara anahitaji siku ya mapumziko? Darasa lilicheka. Mmoja aliniuliza kama nimekosea mlango, nikadhani hapa ni kwa walimu wa michezo. Huenda nimekosea kweli, msomaji ataamua. Lakini mimi naona swali hili lina mambo mawili ndani yake, moja la mwili na moja la haki, na kwamba la mwili likishajibiwa ndipo la haki linapoanza kuuma.

La mwili halina ubishi mwingi. Watu wengi hudhani kwamba nguvu hujengwa wakati wa zoezi. Wakati wa zoezi mwili hubomolewa. Nyuzi za misuli hupata michubuko midogo, akiba ya sukari iliyohifadhiwa ndani yake hutumika, na mifupa hupata nyufa ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Kujenga huja baadaye, mtu akiwa amekaa, amekula, amelala. Misuli iliyofanyishwa kazi nzito huendelea kujitengeneza kwa siku moja hadi mbili. Akiba ya sukari huhitaji kama siku nzima ijae tena, na ni pale tu mtu anapokula vya kutosha. Mfupa ndio mzito kuliko vyote. Una seli za kubomoa sehemu iliyochakaa na seli za kujenga mpya, na za kubomoa ndizo zinazotangulia: kazi yao huchukua wiki chache, ilhali ya wajenzi huchukua miezi. Kwa hiyo kuna kipindi mfupa unaofanyiwa ukarabati huwa dhaifu kuliko ulivyokuwa kabla ya ukarabati kuanza. Anayeendelea kuupigisha barabarani kila alfajiri katika kipindi hicho anafanana na mtu anayepangisha nyumba ambayo fundi amekwisha kung'oa nguzo zake.

Kuna jambo lingine, na naliandika kwa sababu sisi wasichana tunaokimbia hatuambiani. Hedhi yangu ilikuwa imekatika kwa miezi minne kabla ya siku ile. Sikuogopa. Niliona nimepunguziwa usumbufu na gharama. Daktari ndiye aliyenieleza kwamba mwili unaotumia nguvu nyingi kila siku bila kulishwa vya kutosha huanza kubana matumizi kama kaya yenye njaa: huacha kwanza yale yasiyohitajika leo, na uzazi haukuhitajika leo. Homoni zikishuka, mifupa nayo hudhoofika. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa hali hii jina rasmi mwaka 2014, ikaeleza pia kwamba wanaume nao huipata. Mimi niliipata nikidhani ni nidhamu.

Hata hivyo, siku ya mapumziko si lazima iwe ya kulala kitandani. Wakimbiaji wa nyanda za juu za Kenya na Uganda wanajulikana kwa kasi zao, lakini wageni wanaokwenda kufanya mazoezi nao hushangazwa zaidi na upole wao siku za wepesi. Joshua Cheptegei wa Kapchorwa alishinda mita 10,000 kule Paris mwaka 2024 kwa dakika 26 na sekunde 43. Ukigawa, ni chini ya dakika mbili na sekunde 41 kwa kila kilomita, mara kumi mfululizo. Watu wa kambi za huko, siku ambayo si ya kasi, hujikokota mwendo ambao hata mimi ningeufuata nikipiga soga. Wanajua kuitenga siku nzito na siku nyepesi. Sisi wa mitaani ndio tunaofanya kila siku iwe nzito kiasi, tukakosa faida ya zote mbili.

Na wapo waliokataa mapumziko kabisa wasife. Ron Hill, Mwingereza aliyeshinda mbio za marathoni za Boston mwaka 1970, alikimbia kila siku, walau maili moja, tangu Desemba 1964 hadi Januari 2017. Miaka 52. Alikimbia hata baada ya kuvunjika mfupa wa kifua katika ajali ya gari. Nilipokuwa katika siku zangu 214 nilimpenda sana mzee huyo, nikamfanya wakili wangu. Nilisahau kwamba maili moja ya polepole, kwa mtu wa kiwango chake, ni sawa na mimi kwenda dukani kununua chumvi.

Kwa hiyo, kama swali lingekuwa la mwili tu, ningejibu kwa sentensi moja: mzigo mzito unadai nafasi ya kupona, na nafasi hiyo yaweza kuwa usingizi, matembezi au mbio za kujikokota. Ningekuwa nimemaliza insha. Tatizo ni kwamba yote hayo niliyajua. Sehemu kubwa nilikuwa nimeisoma kabla ya siku ya 50. Ujuzi haukunizuia, na hapo ndipo nilipoanza kushuku kwamba kinachomnyima mtu kama mimi mapumziko hakikai kwenye misuli.

Nieleze basi nilivyoanza. Tangu mwaka 2016 Kigali ina Jumapili ambazo barabara kubwa hufungwa kwa magari asubuhi, watu wakatoka kukimbia, kuendesha baiskeli na kupimwa sukari na msukumo wa damu. Nilitoka Jumapili moja kwa ajili ya kutazama tu, nikajikuta nakimbia katikati ya barabara ambayo siku nyingine naivuka kwa kuomba Mungu. Utamu wake siwezi kuueleza. Kesho yake nikakimbia tena, na kesho kutwa, na simu ikaanza kunihesabia siku mfululizo. Siidharau hesabu hiyo. Mimi ni mvivu wa kuzaliwa, bibi yangu ni shahidi, na bila ile namba inayopanda ningeacha wiki ya pili. Wenzangu wanaosema kwamba siku ya mapumziko ni mlango ambao uvivu huingilia wana hoja. Mlango huo upo, nimeshaupita mara nyingi.

Lakini kufikia siku ya 100 nilikuwa sikimbii tena kwa utamu. Nilikuwa nakimbia kama mtu anayelipa deni.

Deni lenyewe linahusu baba mdogo wangu. Ndiye aliyenilea, na ndiye anayelipa sehemu ya gharama za chuo ambayo mkopo haufikii. Ni karani ngufu. Wasomaji wa nje ya Rwanda wasidanganywe na neno karani: huyu hashiki kalamu. Ni mbebaji wa mizigo. Yeye na wenzake hukaa karibu na maghala upande wa Nyabugogo, lori likiingia hulikimbilia, na hulipwa kwa gunia. Mchele, unga wa mahindi, saruji, viazi. Gunia halimwulizi mtu kama jana alilala. Nilikuwa nikirudi nyumbani jioni namkuta amekaa kizingitini, viatu amevua, mikono ameilaza juu ya magoti kama vitu vya mtu mwingine alivyopewa kuvishika. Nami nimetoka kukaa kitini tangu asubuhi, nikisoma tamathali za semi. Ningewezaje, kesho yake, kujiambia kwamba nimechoka? Kila alfajiri nilipopandisha mlima nilihisi kwamba najipatia haki ya kuitwa mtu wa nyumba ile.

Alikuja kuniona jioni ya siku ya 214, mguu ukiwa umefungwa, magongo yameegeshwa ukutani. Alileta maandazi. Aliutazama mguu muda mrefu, akauliza:

"Nani alikuwa anakufukuza?"

"Hakuna, baba mdogo. Nilikuwa kwenye mazoezi."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na nani anakulipa?"

"Hakuna anayenilipa."

"Basi, mwanangu, nani aliyekunyima siku ya kupumzika?" Nilipokosa jibu akaendelea, wala hakuwa na hasira. "Mimi nikilala, gunia linabebwa na mwingine na hela ni zake. Wewe ukilala, mlima unakwenda wapi?"

Nimesoma vitabu kadhaa tangu jioni hiyo, na sijakuta swali lililo bora kuliko lile.

Watafiti wa afya ya kazini, hasa wa Denmark, wamekuwa wakiandika juu ya kitendawili. Kutikisa mwili katika saa za mtu mwenyewe huonekana kuulinda moyo, ilhali kutikisa mwili kwa kazi nzito mara nyingi hakuonekani kuleta faida hiyo, na katika baadhi ya tafiti kumehusishwa na madhara. Wataalamu bado wanabishana ni kiasi gani umaskini, sigara na lishe vinachangia. Lakini maelezo mojawapo wanayoyatoa yananihusu: mbeba mizigo hachagui uzito, hachagui mwendo, hachagui saa ya kukoma. Moyo wake hudunda juu kwa saa nyingi na mwili haupewi nafasi ya kurejea. Misuli haijui kama chuma kilichoinuliwa ni cha jimu au gunia ni la muuza mchele. Kinachotofautisha viwili hivyo ni kama mbebaji ana ruhusa ya kukiweka chini.

Kutokana na hilo napendekeza maana hii: zoezi ni kazi ngumu ambayo anayeifanya anaweza kuiacha. Nikikubali maana hiyo, siku ya mapumziko si tundu katika ratiba ya mazoezi. Ndiyo inayoonyesha kwamba ratiba ile ni ya mazoezi. Mimi wa siku ya 214 sikuwa tena mfanya mazoezi. Nilikuwa nimejiajiri ukarani ngufu usio na mshahara, nikiwa bosi na mbebaji kwa wakati mmoja, na bosi alikuwa mkali kuliko yeyote wa maghalani. Kuhusu Ron Hill sina hakika. Januari 2017, moyo ulipomuuma katikati ya maili yake, kesho yake aliacha, na mtu anayeweza kuacha baada ya miaka 52 huenda alikuwa huru muda wote. Au huenda hakuwa. Yule mwenye mfupa wa kifua uliovunjika simwelewi, ingawa nilimwelewa sana mwaka jana.

Kuna jibu la kale ambalo karibu liniridhishe. Aristotle aliona kwamba mazoezi yakizidi huharibu nguvu sawa na yakipungua, na mahali pengine akasema kwamba pumziko si mwisho wa safari: watu hupumzika kwa ajili ya kutenda. Hivi ndivyo makocha wote husema leo: pumzika ili kesho ukimbie vizuri. Nusu ya kwanza naipokea. Nusu ya pili inanitia wasiwasi, kwa sababu nikiipeleka Nyabugogo inabadilika sura. Baba mdogo apumzike kwa nini? Ili kesho abebe magunia mengi zaidi? Mwenye ghala angekubaliana na falsafa hiyo bila kusita. Hata punda hupumzishwa kwa sababu hiyo. Na kwa upande wangu, ikiwa pumziko langu linahesabika tu kwa yale yatakayofuata, basi hata usingizi wangu ni zoezi, na kweli zipo saa za mkononi zinazompa mtu alama asubuhi kwa jinsi alivyolala. Mtu huyo amepumzika lini?

Jibu lililonikaa zaidi nililipata kwa bibi, mama yake baba mdogo, ambaye hajui Aristotle. Bibi ni mtu wa Biryogo, mtaa ambao Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani muda mrefu kabla Rwanda haijakifanya lugha rasmi mwaka 2017, na Kiswahili chake ndicho kilichonileta katika idara hii. Alinisimulia habari ya sahaba kijana, Abdallah bin Amri, aliyekuwa akifunga kila siku na kusali usiku kucha. Mtume akamwita. Hakumwambia kwamba akipumzika atasali vizuri zaidi. Alimwambia kwamba mwili wake una haki juu yake, macho yake yana haki, mke wake ana haki. Kijana aliomba aongezewe, akabishana, akaongezewa kidogo kidogo mpaka akaishia kwenye saumu ya Nabii Daudi: siku moja kufunga, siku moja kula. Zaidi ya hapo hakuruhusiwa. Alipozeeka, nguvu zimemwishia, akawa anatamani angeukubali ule wepesi wa mwanzo.

Neno lililonishtua ni haki. Mimi nilidhani pumziko ni ujira: kwanza uchoke kiasi cha kustahili, halafu upewe. Kwa mizani hiyo sikustahili kamwe, maana nyumbani daima kulikuwa na aliyechoka kuliko mimi. Lakini ikiwa ni haki ambayo mwili unaidai kwa mwenye mwili, basi uchovu wa baba mdogo hauifuti haki ya mwili wangu, na kukimbia kwangu hakukumpunguzia yeye hata kilo moja. Nilikuwa nikimheshimu kwa namna isiyomfaa kitu. Kama ningeamka siku hizo zote 214 nikamchotea maji ya kuoga, ningekuwa nimefanya zaidi.

Na haki ina pande mbili, ndipo insha yangu inapoanza kunitoka mikononi. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1921 ulitaka wafanyakazi wa viwandani wapewe saa 24 mfululizo za mapumziko katika kila siku saba. Zaidi ya miaka 100 imepita. Lakini mkataba unadhani kuna mwajiri wa kudaiwa. Anayelipwa kwa gunia hana. Siku yake ya mapumziko huinunua mwenyewe, kwa hela ya chakula. Kwa hiyo tunapouliza kama wafanya mazoezi wanahitaji siku ya mapumziko, tunawauliza watu ambao tayari wanayo na hawaitumii, huku wanaoihitaji zaidi kwa kipimo kilekile cha misuli, mfupa na moyo hatuwahesabu hata kuwa ni wafanya mazoezi.

Nilipona baada ya wiki kumi. Katika wiki hizo nilimshawishi baba mdogo na wenzake watatu wajaribu zamu: kila mmoja apumzike siku yake katika wiki, na waliobaki wamtengee fungu dogo katika mapato ya siku hiyo. Niliwachorea hata jedwali. Walinisikiliza kwa adabu, wakajaribu, ikadumu wiki tano. Halafu mwenzao mmoja akauguliwa na mtoto, akahitaji kila hela, na jedwali langu likaishia kufungia njugu. Sikuwalaumu. Niliona aibu kidogo kwamba nilidhani jambo hili lingetatuliwa na mwanafunzi mwenye rula.

Siku hizi nakimbia siku nne kwa wiki. Programu ya kuhesabu niliifuta, kisha nikairudisha, kisha nikaifuta tena. Siku yangu ya mapumziko kamili ni Ijumaa, kwa sababu Ijumaa baba mdogo harudi maghalani baada ya sala, isipokuwa lori kubwa likiingia. Napika, anakula, anatandika mkeka ndani, anajilaza akiwa ameziviringisha suruali zake za kazi kuwa mto. Vijana wa ghalani wanaijua nyumba yetu, na lori likija humtuma mtoto kumwita. Ijumaa iliyopita alilala saa mbili nzima. Nilikaa kizingitini, pale anapokaa yeye, kitabu kimefunguka mapajani, na mtoto alipokuja nilitoka nikamwambia kwamba hayupo.